Taa Zilizohamia kwa Beatus

Usiku wa jana niliota taa za mbele za gari langu zimehamia kwa Beatus.

Hazikuibwa. Wizi ningeuelewa, ningepiga kelele, watu wangekuja kunipa pole. Zilihama zenyewe, mchana kweupe. Pale zilipokuwa pamebaki matundu mawili ya mviringo, na gari likawa linanitazama kama bibi aliyevuliwa miwani.

"Zimeaga?" nikaliuliza.

"Zimeaga vizuri tu," gari likajibu. "Wewe ulikuwa unachungulia kwa Beatus, hukusikia."

Hilo lilikuwa kweli. Mimi huwa nachungulia sana kwa Beatus.

Beatus Lukwele ni jirani yangu hapa Morogoro. Kati yake na mimi kuna ua wa michongoma tu. Tuna magari ya aina moja na umri mmoja, tuliyoyanunua siku moja kwa mapadri waliokuwa wanafunga karakana ya misheni. Miaka yote taa zake zilikuwa hafifu kama zangu, rangi ya chai isiyo na maziwa, na tuliishi kwa amani. Kisha Pasaka iliyopita akamleta fundi, akabadilishiwa nyaya za taa zote. Tangu hapo, akirudi nyumbani jioni, mwanga wake unapita kwenye michongoma, unapita dirishani kwangu, unanikuta kwenye kochi langu na kukibandika kivuli changu ukutani. Kivuli changu, ukuta wangu, mwanga wa Beatus. Sasa niambie, nani angevumilia?

Tena aliniuliza, "Jirani, nikuitie huyo fundi?" Nikamjibu kwamba zangu zinanitosha. Mtu akiwa na kijiba cha roho haombi msaada kwa yule anayemtia kijiba.

Basi ndotoni nikapita katikati ya michongoma bila kuchomwa hata mwiba mmoja, nikaona ni kawaida. Taa zangu mbili zilikuwa zimeketi barazani kwa Beatus, juu ya mkeka, pamoja na taa zake mbili. Zote nne zilikuwa zinakula pilau kwenye sinia moja. Zangu zilikuwa zimenenepa.

"Shikamoo mzee Kanisius," ikasema taa ya kulia, ambayo siku zote ndiyo yenye adabu.

"Marahaba. Rudini nyumbani."

"Tukale nini?" ikauliza ya kushoto, mdomo umejaa.

"Kwangu mnakula kila siku."

"Kwako tunakula ukoko, mzee. Mimi nimezeeka bila kujua kwamba pilau huwa na nyama."

"Jungu kuu halikosi ukoko," nikasema, maana mtu mzima akikosa jibu husema methali.

"Halikosi," ikakubali ile ya kushoto. "Na wote unatuletea sisi."

Beatus akatokea mlangoni na karanga zake mkononi, akanisalimia vizuri kabisa, akaniuliza hali ya nyumbani, akaingia ndani. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote kwa Beatus. Hata ndotoni hana kiburi.

Nikachuchumaa karibu na mkeka, nikanong'ona ili asisikie. "Nawahitaji. Fortunata anaolewa kesho."

Taa zangu zikaacha kutafuna.

Fortunata ni binti wa dada yangu Editha. Sisi ni Waluguru, mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Katika ukoo wetu binti anayeolewa hutokea nyumbani kwa mjomba, na hakanyagi nje mpaka mjomba aseme, "Nendeni." Asiposema, ngoma italia, vigelegele vitapigwa, keki itachacha, na hakuna atakayetoka. Tena mabibi harusi wote wa ukoo huu wameondoka wakiwa kwenye kiti cha nyuma cha gari langu, mimi nikiwa kwenye usukani. Hakuna aliyewahi kuniambia ni haki yangu. Ilikuwa inajulikana tu, kama inavyojulikana kwamba kichwa cha kuku si cha mgeni.

Safari hii bwana harusi ni wa Mgeta, juu milimani, na bibi harusi atapelekwa jioni, sherehe ikiisha. Ukungu wa barabara ile hauna haya na mtu. Jumatano Editha alikuja, akanywa chai yangu, akala mihogo yangu, akajifuta midomo, ndipo akasema, "Kaka, usinifikirie vibaya. Fortunata atapanda gari la Beatus. Lile linaona mbali."

Nikamjibu, "Sawa, dada."

Moyoni nikaamua kwamba saa ya neno ikifika, nitafunga mdomo. Tuone hizo taa za Beatus zitamulika nini.

Kesho yake nikaenda dukani, nikanunua globu kubwa kuliko zote walizokuwa nazo, nikazipachika mwenyewe kwenye nyaya zilezile za zamani. Mwanga uliongezeka kidogo, wa kutafuta kwa macho. Dashibodi ikaanza kunuka ndoo ya plastiki iliyosahauliwa jikoni karibu na moto. Nikajiambia ni harufu ya vitu vipya.

"Fortunata tunampenda," ikasema taa ya kulia. "Alipokuwa mdogo alikuwa anatupangusa kwa kanga ya mama yake. Lakini mwenye njaa hamulikii mtu njia. Nenda kaangalie chakula chetu kinapita wapi."

"Nipitie wapi?"

"Kwenye droo ya dashibodi."

Nafungua droo ya dashibodi, naingiza mguu mmoja, kisha wa pili. Ndani ni ukumbi wa parokia, uleule tuliokodi kwa harusi, na viti vimeshavalishwa vitambaa. Jikoni amesimama mwanamke mnene aliyevaa vilemba viwili, kimoja chekundu, kimoja cheusi. Hakuna anayemtambulisha kwangu lakini najua kwamba ni Mama Betri. Anapakua pilau kwenye sinia mpaka linafurika, nyama juu, mvuke unapanda darini.

"Pelekeni kwa taa," anasema.

Meza ya taa naiona. Iko palepale, mlango wa pili kutoka jikoni. Mtu angeweza kulisukuma sinia kwa mguu likafika. Lakini sinia halielekei huko. Linashika njia ya kuzunguka ukumbi mzima, mkono kwa mkono, kwenye mstari wa wazee wembamba wenye kukohoa. Kila mzee akilipokea anamega tonge moja la kuonja, kwa sababu yeye ni mzee na njia ni ndefu. Hao ndio nyaya.

Katikati ya mstari, kwenye meza kuu, ameketi bwana mmoja wa kaunda suti. Kila sinia ni lazima limfikie, likae juu ya viganja vyake, ndipo liendelee. Hatumii kitambaa. Viganja vinafuka moshi, na pale ukumbini pananuka ndoo.

"Naitwa Swichi," ananiambia. "Mimi ndiye mjomba wa taa. Hakifiki kitu kwao bila kupita mikononi mwangu."

Nikampenda papo hapo.

"Ndivyo inavyotakiwa," nikamwambia. "Wasikuzoee."

"Wasinizoee," akasema. Sikio lake la kushoto likayeyuka, likadondokea kwenye mchuzi. Hakulitazama.

"Mzee mwenzangu, unaungua."

"Naheshimiwa," akanisahihisha. "Ila tangu juzi kazi imezidi. Kuna mtu ameleta walaji wakubwa. Sinia ni lilelile, njia ni ileile, midomo imekuwa mipana. Simjui ni nani. Nikimjua tutazungumza."

Nikatazama mapambo ya ukutani. Yalikuwa mazuri.

Sinia likafika kwa taa. Lilikuwa na ukoko na jani moja la mdalasini. Pale mezani palikuwa na zile globu zangu mpya mbili, wanaume wawili wakubwa wenye mabega, wakigombea lile jani.

Karibu na mlango wa jikoni nikawaona wageni wawili ambao hawakuwa wa ukumbi ule. Mmoja alikuwa mwanamke aliyevaa gauni la kioo, amenyooka, hata kupumua anapumua kwa hadhari.

"Mimi ni shangazi Fyuzi," akasema. "Kazi yangu ni kuzimia."

"Kazi gani hiyo?"

"Ikitokea fujo kubwa kwenye shughuli, mimi nazimia kwanza. Watu wote wananikimbilia, fujo inakatika, nyumba haiungui. Kila familia ina shangazi wa namna hii."

Nikakubali kwamba hata kwetu yupo. "Hapa umeshazimia mara ngapi?"

"Hapa nimekuja kutembea tu. Kazini kwangu ni kwa Beatus."

Nilijua. Kitu kizuri kikionekana, kazini kwake ni kwa Beatus.

Wa pili alikuwa bwana mfupi wa mraba, suti nyeusi, miguu minne imepangwa vizuri chini yake. Kila baada ya muda koo lake lilikuwa linalia, tak.

"Rilei wa chini ya boneti," akasema, akanipa mkono. "Mimi ni mshenga."

"Mshenga wa nani?"

"Wa kati ya mjomba na jikoni. Kwa Beatus nimekaa mlangoni pale, karibu na Mama Betri. Mjomba akisema neno, nafungua, tak. Sinia linatoka jikoni linaingia kwa taa, halijapoa, halijaonjwa. Mjomba akisema basi, nafunga, tak."

"Na sinia halipiti mikononi mwa mjomba?"

"Halipiti. Kwa mjomba linatoka neno tu. Neno ni jepesi, hata wazee hawa wanaweza kulipitisha bila kumega."

"Basi huyo si mjomba," nikasema. "Ni pambo."

Mshenga akafikiri. Hakuonekana kukasirika.

"Tangu Pasaka sijafungua mlango bila neno lake," akasema. "Siku moja Mama Betri mwenyewe alinifokea nifungue, sinia linapoa. Sikufungua. Taa zililia gizani, sikufungua. Mjomba alikuwa hajasema. Mshenga akijiamulia, huyo ni mwizi. Kwa hiyo unavyoniuliza kama ni pambo, mimi sijui. Ninachojua ni kwamba akinyamaza, nyumba nzima iko gizani."

"Mikono yake ikoje?"

"Ya baridi. Ameketi zake, anakula nyama."

Hapo wivu ulinikaba. Nimeshamwonea Beatus wivu kwa mambo mengi: ua wake uliokatwa sawasawa, paa lake lisilovuja, namna mbwa wake anavyokaa akiambiwa kaa. Sikujua kwamba ipo siku nitaionea wivu swichi yake. Bwana Swichi naye alikuwa amesikia yote. Akavitazama viganja vyake kwa muda, kisha akanivuta shati.

"Hebu muulize," akaninong'oneza, "kama ana ndugu anayetafuta kazi."

Ningemuuliza, lakini ningekuwa nimekubali kwamba cha Beatus ni bora. Nikafunga mdomo. Nilipoufunga tu, ukumbi ukawa barabara ya Mgeta.

Niko kwenye usukani. Bwana Swichi amekaa kushoto kwangu, mikono amepakata. Fortunata yuko nyuma na shela lake jeupe. Mbele ya gari ni yale matundu mawili. Ukungu unagonga kioo, unauliza kwa adabu kama kuna nafasi. Naujibu kwamba gari la bibi harusi halichukui abiria. Unaingia hivyohivyo, unakaa, unaomba radhi kwa kubana.

Nyuma yetu limesimama gari la Beatus, taa nne zinawaka, zake na zangu. Haliwezi kupita kwa sababu nimeziba barabara. Kwenye kioo namwona Beatus anakula karanga. Hapigi honi. Angepiga honi ningekuwa na la kusema.

"Mjomba," anasema Fortunata, "wanasubiri useme."

Nafunga mdomo. Kiti cha nyuma kinarefuka kidogo, na yeye anarudi nacho.

"Mjomba, mbona sikuoni vizuri?"

Naukaza mdomo. Kiti kinarefuka tena. Sasa sauti yake inatoka mbali, kama ya mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde. Namwambia Swichi aangalie nyuma. Swichi anaangalia, anasema bibi harusi anapungua. Mimi nimemkazia macho Beatus, nahesabu tu ni lini atakasirika. Hakasiriki. Anatoa ganda la karanga kwenye mdomo, analiweka mfukoni, hata barabarani hatupi.

Nageuka nyuma. Fortunata amekuwa mdogo kama alipokuwa akipangusa taa kwa kanga. Kisha mdogo kuliko hapo. Shela lake limekuwa kitambaa cha mkononi, na ukungu unalikunja.

Anasema kitu. Sauti inakuja mkono kwa mkono kutoka mwisho wa kiti, na kila mzee njiani ameshaimega. Nadhani alisema, "Mjomba, naogopa," lakini kilichonifikia kilikuwa ukoko wake tu.

Hapo nataka kusema. Nataka kweli, wala sijali Beatus atajisikiaje. Nafungua mdomo, na mdomo umejaa pilau ya moto, sinia zima, la watu wote, linataka kupita kwangu. Halipiti mbele, halirudi nyuma. Natazama mikono yangu, inafuka moshi. Nimevaa kaunda suti. Kushoto kwangu hakuna mtu.

Nikaamka.

Ilikuwa asubuhi, siku yenyewe ya harusi. Nje nilisikia sauti za wanawake, nikatoka na shuka mabegani. Walikuwa wamekaa uani wanachagua mchele kwenye nyungo, pilau hata haijabandikwa. Gari langu lilikuwa pembeni, limefunikwa turubai. Gari la Beatus lilikuwa limeshaegeshwa mbele ya mlango wangu, limeoshwa, limefungwa riboni, na Beatus amesimama kando yake anakula karanga, ufunguo unaning'inia kidoleni. Roho iliniuma, sifichi. Niliamka nayo ikiuma na nilipoliona lile gari ikazidi.

Editha aliinua uso kutoka kwenye ungo, akanitazama mdomo. Si macho, mdomo. Nikajua kwamba tangu Jumatano dada yangu hajalala, na anajua nilichokusudia. Tumenyonya ziwa moja, tungefichana nini?

Fortunata akatoka ndani, nywele zimefungwa kwenye rola, kanga kifuani, mswaki mkononi.

"Shikamoo mjomba. Umelala salama?"

Sauti yake ilinifikia nzima, haijamegwa. Alikuwa amesimama karibu kiasi kwamba ningeweza kumshika kichwa. Nikaona niseme palepale, kabla wivu haujanawa uso.

"Nendeni," nikasema.

Nyungo zikanyamaza. Editha akasema, "Kaka, ni asubuhi. Hata kanisani hatujafika. Waende wapi?"

"Jioni nitasema tena, mbele ya watu. Lakini nimeshasema. Apande hilohilo linaloona mbali."

Dada yangu akaweka ungo chini, akajifuta macho kwa upindo wa kanga, akasema mchele wa mwaka huu una vumbi sana.

Ndipo chini ya boneti ya gari la Beatus pakalia, tak.

Taa zote mbili zikawaka. Zikanipiga kifuani, zikakibandika kivuli changu kwenye ukuta wangu, na Fortunata akacheka kwa kuniona mkubwa vile. Beatus akazitazama taa, kisha akautazama ufunguo uliokuwa unaning'inia kidoleni mwake. Aliacha kutafuna.

"Jirani," akasema polepole, "sijui zimepatwa na nini. Ngoja nimwite fundi."

"Mwite," nikasema. "Akimaliza kwako, aje na kwangu."

Nikainama mbele ya taa ya kushoto. Ndani ya kioo, mahali ambapo hata maji ya kuoshea hayaingii, palikuwa na punje moja ya pilau iliyoiva, na kipande cha nyama kimeganda juu yake. Nyuma yangu wanawake walikuwa wameanza tena kuchagua mchele.

Nikaenda moja kwa moja kwenye gari langu, nikainua turubai, nikachungulia taa ya kulia, nikachungulia na ya kushoto, nikapangusa kwa shuka nikachungulia tena. Hamkuwa na kitu. Ndoto nimeota mimi, na pilau imebaki kwa Beatus.